Mguu wa Kushoto

Daktari wa KCMC aliligusa goti,
akaguna kwa niaba yangu.
Mama Aikaeli, akasema, chagua:
klachi, au ngazi za kanisani.
Nikachagua ngazi.

Basi pikapu nimeiuza.
Kijana wa Tella, Elirehema, juu yetu kidogo,
alihesabu noti juu ya boneti
nami nikihesabu makovu ya bodi.
Nikampa ufunguo, kadi, tairi la akiba.
Siri ya namba mbili sikumpa.
Haikuandikwa kwenye mkataba.

Sasa ninalo hili, jeupe, dogo,
lenye sauti ya friji.
Binti yangu kalileta toka Dar:
Mama, hili halina kazi, weka D ukanyage.
Weka D ukanyage!
Kama kumwambia mpishi
chakula kimeshaiva, wewe kaa mezani.

Siku ya kwanza, kipilefti cha YMCA,
lori la saruji mbele, bodaboda ubavuni,
mguu wa kushoto ukakumbuka kazi.
Ukashuka kwa nguvu ya miaka thelathini na minne
ukitafuta klachi,
ukakuta breki.
Nyanya za Kiboriloni zikatoka kapuni
zikaja mbele kuuliza kuna nini.
Honi nyuma. Mtu akanitukania mama yangu,
marehemu, ambaye hakuwahi kushika usukani.

Tangu hapo naukunja,
naurudisha chini ya kiti
kama mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada.
Wa kulia unafanya yote, na unajiona.
Hata mkono, nao wa kushoto,
unakwenda wenyewe kwenye rungu la gia,
unakuta hakuna la kuongea,
unarudi pajani.

Anaeli alinifundishia mlima wa Kidia,
mwezi wa nne, udongo kama sabuni.
Alishuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi.
Usiniangalie mimi, alisema, sikiliza gari.
Likilia, lipunguzie. Likiguna, pangua.
Handibreki ni ya waoga.
Nikalizima mara saba.
Ya nane nikalishika palepale,
nusu klachi, nusu mafuta,
halipandi, halishuki,
linatetemeka kama ng'ombe
anayekamuliwa kwa mara ya kwanza.
Naye akainama, akaliondoa jiwe,
akabaki amesimama nyuma ya gari,
mikono mitupu,
katikati ya njia.

Mengi aliyoniambia baadaye nimeyasahau.

Juzi nilisimama hapo hapo na hili jeupe.
Halikurudi nyuma hata unyayo.
Nikalingoja litake kitu kwangu.
Halikutaka.
Sikufuru; goti limetulia,
Jumapili nazipanda ngazi bila kushika ukuta,
na mama mchungaji ameniambia nimekuwa msichana.

Ila saa tano usiku Elirehema anapanda
na mzigo wa majani ya ng'ombe.
Namsikia tangu darajani.
Namba tatu. Injini inaguna. Anachelewa.
Pangua, nasema gizani. Pangua, wewe mtoto.
Na chini ya blanketi mguu wa kushoto unashuka
mpaka mwisho, unachomoa shuka godoroni,
mkono nao unashika hewa:
kwanza unaivuta kwako, kama umeghairi,
ndipo unaisukuma kule, na chini.
Ndiyo siri yenyewe, hakuna nyingine.
Huko nje meno yanakwaruzana,
inagoma, inakwaruza tena, mbwa wa jirani anajibu,
inaingia.

Kesho nitamsimamisha nimwambie.

Au keshokutwa.