Hali ya Kifaa: Nzuri

Dirishani nimekata tiketi ya mwananchi.
Kijana wa risiti kaniuliza,
"Bibi, umekuja kuona nini?"
Nikamjibu: ufunguo wangu.
Akacheka, akadhani ni mzaha.

Chumba cha tatu, kushoto,
ukishapita sarafu za Mjerumani
na ile mizani ya kupimia kopra,
umelazwa juu ya mahameli nyekundu
kama mgonjwa wa daraja la kwanza.
Kadi inasema:
Ufunguo. Chuma. Gerezani, Dar es Salaam.
Mtoaji: Sikudhani binti Mwinyikondo.
Hali ya kifaa: nzuri.

Nzuri. Sikatai.
Wameusugua kutu, hata ule uzi mweusi
nilioufunga nisije nikauchanganya na wa stoo
wameutoa.
Lakini kadi haisemi
kwamba kila masika mlango ulivimba,
ikabidi uuinue kidogo kwa goti,
useme bismillahi, ndipo uzungushe:
nusu, urudi, kisha mzima.
Haisemi marehemu Ngwilizi akichelewa
aligonga kwa kucha, si kwa ngumi,
nami nikijifanya nimelala
mpaka aniombe kwa jina la mama yangu.

Ile X nyekundu ilikaa ukutani miezi saba.
Tukaizoea. Tukaitundikia kalenda.
Siku ya katapila, mlango ndio uliotangulia,
ukaondoka na mkokoteni wa kuni,
sijui umechoma chapati za nani.
Nikabaki na ufunguo pindoni mwa kanga,
mzito kuliko nyumba.

Leo wamekuja wanafunzi, soksi nyeupe, madaftari.
Mmoja kabandika pua kwenye kioo:
"Bibi, huu unafungua nini?"
"Msiguse kioo," akasema mlinzi.

Basi nikainua goti, hivi, hewani,
na mkono nikamwonyesha:
nusu, urudi, kisha mzima.
Akafanya na yeye.
Aliye nyuma yake akafanya,
na yule mnene mwenye miwani, na mwalimu wao,
chumba kizima magoti juu,
wanahangaika na mlango mmoja.
Mlinzi akatazama pembeni.

Ulipofunguka nikasogea kando, niwapishe.
"Karibuni," nikasema, "lakini vueni viatu,
ndio kwanza nimedeki."