Nguzo kwa Nguzo

Miaka ishirini na miwili nimeendesha tramu ya Liepaja
nikiwa nimekaa.
Mji wote umepita chini ya makalio yangu
kwenda na kurudi,
na miguu haikuulizwa neno,
ila huu wa kulia, wa kukanyaga breki.

Machi, daktari Straume alisema jambo, akaliandika.
Sikulisoma.
Nilimwona tu akizitazama ngazi za zahanati yake,
zile nilizopanda nikitweta
hata karani akaniletea maji kabla ya fomu.

Basi nikanunua raba. Za buluu, zilizopunguzwa bei,
zinapwaya kidogo.
Kijana wa duka akauliza nakimbia mpaka wapi.
Nikamwambia: mpaka nguzo.
Akadhani ni jina la mtaa.

Kati ya nguzo na nguzo ya waya wa tramu
ni sekunde nne, ukiwa kitini.
Nilidhani nazijua; nimezihesabu hata usingizini.
Alfajiri ya kwanza, saa kumi na moja kasorobo,
kabla tramu yoyote haijatoka karakana
(aibu nayo ina ratiba yake),
niliondoka mbio kwenye nguzo ya darajani
na ile ya pili ikarudi nyuma.
Naapa. Nilikwenda, nayo ikaenda.
Kichomi kikanishika ubavuni kama mkaguzi wa tiketi.
Nilipoifikia niliikumbatia,
chuma baridi shavuni,
na mfagia barabara akanisalimu
kwa sauti wanayosalimiwa walevi.

Kimbia moja, tembea mbili.
Kimbia moja, tembea mbili.
Binti yangu Evija ndiye aliyenifundisha kwa simu:
"Mama, kimbia polepole, uweze kuzungumza."
Nizungumze na nani saa hizi?
Nikazungumza na upepo.
Upepo wa hapa haukosi la kujibu,
hutoka baharini umenuna,
ukakuta mimi ndiye mtu pekee aliye macho.

Zipo siku sikwenda. Na hilo niliseme.
Mvua ya barafu. Goti. Uvivu.
Uvivu zaidi.
Raba zikakaa mlangoni zikinitazama
kama wageni walioambiwa chakula kiko jikoni
na jikoni hakuna moto.

Kisha, sijui ni wiki ya ngapi,
nilikuwa nawaza bei ya viazi
nikakuta nguzo imepita.
Nikageuka kuitazama.
Imesimama palepale, haina habari,
nami nilikuwa mbele yake, nikihema, lakini mbele.

Mei nikaanza kuchelewa kutoka. Kwa makusudi.
Miti ya mlinde imechanua majani madogo kama masikio ya panya,
na nyuma yangu nikasikia reli ikiimba ule wimbo
ninaoujua kwa mifupa.
Gunvaldis. Zamu ya kwanza.
Akapiga kengele mara mbili, akapunguza mwendo,
tukaenda sambamba, mimi na tani zake ishirini,
abiria watatu wamebandika paji la uso kiooni.
Akanipita, ndiyo. Hakuna wa kushindana na umeme.
Kituoni akasimama, akafungua mlango wa mbele,
joto likanijia usoni, na harufu ya kahawa ya chupa yake.
"Panda, Vizma, utajiua!"

Sikuwa na pumzi ya kukataa,
nikakataa kwa miguu.

Nikaupita mlango.
Nikaipita taa yake, kivuli changu kikanitangulia
kirefu, chembamba, mtu nisiyemjua.
Nguzo ya sita. Ya saba.
Mguu wa kulia, kwa mazoea,
ukatafuta breki.

Ukakuta barabara.