Muhuri wa Moto

Paleti huja na mkokoteni wa Karisa kila Jumatatu.
Zimebeba vigae hadi mlangoni mwa hoteli, kisha zatupwa.
Mimi nanunua zilizotupwa,
nang'oa misumari nyuma ya soko la Malindi,
natengeneza meza ambazo wenye majumba
ya Barabara ya Kasuarina huziita za kisasa.

Kila ubao una muhuri uliochomwa:
FI. SE. RU. CA.
Na kando yake, HT:
yaani mti wa nchi ya theluji umetiwa moto kwanza
ndipo ukaruhusiwa kusafiri.

Kwangu mbao nyeupe ilikuwa mbao nyeupe.
Kahindi, mwanagenzi wangu, mwenye mtihani wa Jiografia
mwezi wa kumi na moja, ndiye aliyekataa.
Akazipanga ukutani kama watoto mstarini.
"Hii sprusi. Huu msonobari, nusa utomvu.
Hii nzito, nyekundunyekundu, nadhani ni lachi.
Firi sina hakika."
Akaandika kwa chaki juu ya mlango:

Sindano za pembe nne, hiyo sprusi kumbuka,
Bapa laini uone, ni firi, haina shaka,
Mbili mbili zishikane, msonobari hakika,
Lachi peke yake mwone, baridi hupukutika.

Nikamwonyesha mvinje wetu pale nje:
nao una visindano, una na vitunda vigumu.
Akacheka. "Huo unajifanya. Huo hutoa maua, si wa ukoo huo."
Miaka kumi na tisa nakula chakula cha mchana
kivulini kwa mwongo.

Ramani akaichora kwa penseli yangu kwenye kipande cha plaiwudi:
mkanda mmoja, kama kilemba kilichoshuka kidogo usoni mwa dunia.
Norwe, Uswidi, Ufini.
Urusi, magharibi yake msitu wa giza,
sprusi na firi zimebanana hata jua laomba njia;
mashariki yake ardhi imeganda chini kwa chini,
hapo lachi, na lachi, na lachi.
Bahari. Kisha Alaska, kisha Kanada yote hadi pwani ya pili.
"Na kusini?"
"Kusini haupo. Penye baridi ya kadiri hiyo ni maji matupu."

Shekuwe muuza barafu alikuwa amesimama akisikiliza,
viganja vimepasuka kwa miaka ya kubeba vipande vya soko la samaki.
Akauliza moja tu:
"Mti huo hukua saa ngapi, ikiwa mwaka mzima ni friza?"
Kahindi akamgeuzia kichwa cha ubao.
Pete, nyembamba kama kurasa za msahafu.
"Miezi mitatu hukua. Iliyobaki hungoja."
Shekuwe akahesabu kwa ukucha, akafika sitini na nane, akakoma.
"Kumbe rika langu," akasema, akaenda zake.

Sukari ilimchukua usiku wa kuamkia Ijumaa.
Alfajiri mwanawe Fumo alibisha, ataka mbao za mwanandani.
Mkangazi nilikuwa nao, wa kabati la mtu.
Nikapita mbele yake.
Nikaenda ukutani na taa ya simu
nikichagua zenye pete za karibu karibu.
Saba.
Nikapiga randa, mihuri ikatoka maganda maganda,
isipokuwa mmoja. Huo niliuacha,
na ukiniuliza sababu sina.

Sasa amelala, na juu yake, kabla ya mchanga,
kuna msitu uliokaa miaka kwenye theluji
na barafu yake yeye haikuwahi kumaliza siku.

Jumatatu nimemkuta Kahindi ameinamia plaiwudi.
Chini kabisa ya mkanda, hatua moja kutoka Ikweta,
ametia nukta, na maandishi madogo:
Malindi, mbao saba.

"Mwalimu atakukata alama."

"Na akate," akasema, akachukua nyundo.
Karisa alikuwa anapiga hodi na mzigo mwingine.