Kituo cha Saba

"Usizuie pumzi," alisema Kaingu,
mtu wa Watamu, mwenye saa mbili mkono mmoja.
"Hata kidogo. Ukizuia, pafu litapasuka."
Nami niliyelelewa Mkokoni
na mtu aliyeishi kwa kuzuia pumzi
nikaitikia kwa kichwa,
nikahisi nimemkana mzazi mbele ya mgeni.

Baba alishuka na pumzi moja.
Mkononi kijiti, na kwenye ncha ya kijiti pweza.
Akimpunga pweza mlangoni pa shimo,
kamba-mawe hutoka kinyumenyume, kwa hofu,
hadi ndani ya kimia.
Pumzi moja: unga wa siku mbili.
Pumzi moja: daftari, kalamu, soksi nyeupe za shule.
Mwaka niliomaliza la nane sikio la kushoto likamwaga damu;
tangu hapo sauti yoyote ikimjia
hugeuka kulia, hata kama kulia hakuna mtu.

Mtungi.
Wa bibi ulifukizwa ubani kabla ya kutiwa maji.
Wangu umetiwa upepo na mashine inayokohoa stoo,
na uzito wake mgongoni ni wa mtoto aliyekataa kutembea.

Chini, maneno hayana kazi.
Dole gumba juu si "safi".
Ni "imetosha, twende zetu".
Nikasahau mara mbili, nikimsifu Kaingu,
naye mara mbili akaanza kupanda.

Kisha tepu, mita hamsini, juu ya matumbawe.
Kibao cha plastiki, penseli iliyofungwa uzi.
Hai. Nyeupe. Mfu.
Jeupe si mfu, bado:
ni mwenye nyumba aliyemfukuza mpangaji wake kwa joto
na sasa anakaa na njaa katika vyumba visafi.
Niliandika. Nikavuta hewa. Nikaandika.
Na pono, tunayemsingizia usingizi huku nchi kavu,
alikuwa macho kuliko mimi,
anatafuna jiwe, kra, kra,
na nyuma yake mchanga unamtoka kama moshi.

Mita ya thelathini na moja: shimo.
Ndevu mbili ndefu zikanipima.
Mkono wangu ukakunjuka wenyewe,
ukashika kijiti kisichokuwepo.
Nikatoa pumzi.
Mapovu yakapanda kwa kelele;
mwenyewe akarudi ndani hatua moja, si zaidi,
kama anayesogea kukupisha ukutani.

Dakika tatu mita ya tano, nimeshika ugwe wa nanga,
damu itulie, alivyosema mwalimu.
Sikuwaza lolote kubwa.
Niliwaza soksi zile.

Baba alikuwa barazani na redio sikio la kulia.
Hakuuliza nimeleta nini.
"Uwene nini?"
Nikampa kibao. Akapitisha kidole:
hai ishirini na tatu, nyeupe kumi na nne, mfu tisa,
kamba mmoja.
"Mmoja?"
"Mmoja."
"Kadiri gani?"
Nikamwonyesha, kiwiko hadi kucha.
Akameza mate.
"Wapi hapo?"
"Kituo cha saba."
"Saba ya nani?" Akacheka, akakasirika.
"Pale ni Kilango cha Shemeji. Usiulize kwa nini,
si habari ya kumwambia mtoto."
Nina miaka thelathini na minne.

Baadaye, redio imezimwa:
"Na huko chini ulikuwa ukipumua?"
"Muda wote."
Akanyamaza. Kifua chake kikasimama.
Nilihesabu kimoyomoyo, arobaini, hamsini, sitini na mbili,
ndipo akaiachia, taratibu,
kama mtu anayejaribu kufuli la zamani
akakuta bado linafunga.

Kesho yake nilikisugua kibao kwa mchanga.
Tarakimu zikatoka.
Kwenye safu ya maelezo
nilikuwa nimeandika jina, nikikandamiza mno;
ukikiinamisha juani, linasomeka.
Kaingu alilisoma, akaniuliza shemeji wa nani.
Nikamwinulia dole gumba.