Daftari la Mizunguko

Mwaka ule niliajiriwa kuhesabu.
Si fedha, si kura: mizunguko.
Kiti cha mbao juu ya ukuta, pembeni mwa barabara ya mbio,
saa mbili za kupimia zikining'inia shingoni
kama hirizi za mtu asiyeamini hirizi,
na penseli nne, maana wino hulia mvua ikinyesha.

Waajiri wangu Brandauer wa Stuttgart,
magari yao rangi ya zebaki.
Mkono mmoja tu kutoka kwangu, kiti cha Salvetti wa Modena,
magari mekundu, na kelele.
Miaka saba viwanda hivyo havijasalimiana.
Mzee Salvetti, walisema, aliing'oa saa ya ofisini
alipojua imetoka kaskazini ya milima;
Brandauer naye akawapiga mafundi wake marufuku kula tambi.
Mimi, binti wa mwoka mikate wa Arnage,
nilichojua ni kukesha.

Kwenye kiti cha pili alikaa Ivo Tassinari.
Saa kumi jioni, mbio zilipoanza, hakunitazama.
Saa tatu usiku akanipa nusu ya chungwa.
Saa sita tukanywa kahawa yangu kwa kifuniko kimoja,
bila neno, nyuso mbele,
macho ya wakubwa wetu yakituchoma visogo.

Usiku hulioni gari. Unalisikia.
La Brandauer lina mluzi;
la Salvetti, likishika gia ya tatu, linakohoa
kikohozi cha mvuta tumbaku.
Taa mbili zinachomoza, zinakua, zinakufagia,
kisha wekundu wa nyuma, kisha giza.
Chora mstari.
Dakika tatu na sekunde arobaini.
Chora mstari.

Saa tisa ukungu ukashuka kutoka mashambani.
Kidevu cha Ivo kikashuka nao.
Gari lake likapita; penseli yake haikusogea.
"Mwache alale," akaninong'oneza Bwana Ketterer, msimamizi wangu,
akatabasamu, akaenda kutazama matairi.

Nikanyoosha mkono, nikalichukua daftari la Ivo.
Mizunguko kumi na mmoja niliandika vitabu viwili,
kimoja pajani, kimoja gotini,
mluzi huku,
kikohozi huku,
mpaka akashtuka, akanikuta,
akalipokea daftari lake kama mtu apokeaye mtoto wa jirani.

Kesho yake, saa kumi, bendera ya miraba ikapunga.
Viwanda vyote viwili vikashangilia.
Waamuzi, kwenye roshani yao ya vioo,
walikuwa wamepoteza mzunguko mmoja ndani ya ukungu.
Wakaomba madaftari.

La Ivo lilikuwa na ukurasa wenye tano zisizo zake,
tano za masista wa Arnage,
kofia imeachana na kichwa.
Bwana Ketterer akazitambua. Akaniuliza kwa sauti ya chini:
"Uliongeza?"
Sikuongeza. Gari lilipita.
"Na ukungu wote ule? Ungeweza kutoliona."
Kuliona, sikuliona.
Lilikohoa.

Kombe likaenda Modena.
Mimi nikalipwa nusu, nikarudi kwenye tanuri.
Jumatatu Ivo aliingia dukani, akanunua mkate mmoja,
akahesabu sarafu juu ya meza, polepole, mara mbili,
akatoka. Baba akauliza: Bubu yule?

Siku hizi viwanda vyote viwili ni mali ya benki moja.
Injini ni ile ile, nasikia; rangi tu ndiyo tofauti,
na vijana bado hutoana meno baa kwa ajili ya rangi hiyo.
Siwacheki. Nami nilikuwa na upande,
nao ulinilipa mshahara.

Mwezi wa sita, usiku wa mbio, naacha dirisha wazi.
Magari ya sasa yote yana mluzi.
Nakanda, nasikiliza,
na asubuhi nakuta mistari juu ya unga,
mistari mingi, sijui ya nani.