PF3 ya Koplo Mihayo

Mwaka wa kumi na moja huu nakaa kaunta,
Tabora mjini, nikiandika fomu za watu waliovunjika.
Aliyepigwa chupa, aliyeng'atwa sikio, aliyegongwa na bodaboda,
nauliza jina, nauliza panapouma,
nagonga muhuri, nasema: nenda Kitete, watakutibu.
Bila karatasi hii jeraha lako ni hadithi tu.

Usiku wa leo kituo kimetulia.
Mahabusu mmoja anakoroma, taa inapepesa,
nami nimechomoa fomu moja, safi,
nimeandika juu: Koplo Mihayo Nkwabi.

Umri: thelathini na nane.
Kazi: hii yetu.
Mahali pa tukio: barabara ya Sikonge,
lori la tumbaku, na juu ya marobota watu
waliokuwa wanawahi msiba.
Msiba ukazaa misiba.

Silaha iliyotumika:
hapa kalamu ilisita.
Niandike kandambili ya mtoto, ya bluu, ya kushoto,
aliyoishika tangu saa tisa mchana hadi giza
akitafuta ya kulia?
Niandike harufu? Maana Tabora, msimu wa masoko,
tumbaku huingia hata kwenye uji,
na Mihayo hufunga madirisha yote,
huziba chini ya mlango kwa koti la mvua,
na Kalunde mkewe huniambia pale bombani kota:
"Mwenzenu anaoga mara nne kwa siku, dada,
na maji yenyewe ya kununua."

Hali ya majeruhi alipofika kituoni:
alifika kwa miguu yake. Alipiga saluti.
Mkuu akamwambia, pole na kazi, Koplo, kesho lindo la benki.
Kantini wakamwambia, kaza moyo, askari halii,
wakamnunulia bia mbili, kisha sita,
kisha wakamcheka alivyoruka
siku upepo ulipobamiza mlango.
Mimi pia nilicheka.
Nalo liandikwe.

Saa kumi na mbili nikakabidhi kaunta,
nikavuka uwanja wa gwaride, fomu kifuani.
Alikuwa kibarazani anapiga buti kiwi,
la kushoto tu, la kushoto tu.
Akaisoma taratibu, kama asomavyo hati ya mashtaka.
Akaomba kalamu.
Nilidhani ataichana.

"Umekosea tarehe, afande," akasema. "Na mahali."
Akakata Sikonge kwa mstari mmoja,
akatia sahihi ndogo pembeni
kama tulivyofundishwa Moshi,
akaandika: Urambo. Kisimani. Mwaka wangu wa kwanza kazini.

Sikumjua huyo wa kisimani.
Hakunisimulia. Sikuuliza,
mimi niulizaye watu maswali kutwa kucha.
Kalunde alitoka na birika, akasoma juu ya bega lake,
akakaa sakafuni palepale, birika mkononi,
miaka tisa ya ndoa, na kisima hicho
ndiyo kwanza anakisikia.

Jumatatu tukaenda Kitete, kiraia,
yeye na shati la kitenge la harusi ya mdogo wake,
mimi na gauni linalonibana.
Foleni. Benchi la mbao. Mtu anakohoa nyuma ya pazia.
Muuguzi akauliza: mgonjwa nani kati yenu?
Tukatazamana.
Mihayo akatoa karatasi, imekunjwa mara nne,
imelowa jasho la kifua.

"Haina muhuri," muuguzi akasema.
Kweli. Miaka yote hiyo, na hii moja nimesahau.
Nikasimama nianze kujieleza,
lakini yeye alishaigeuza, alishaifungulia faili,
akasogeza kiti kwa mguu:
"Ingia tu, baba. Muhuri utakuja."

Akaingia. Mlango ukafungwa polepole,
mtu ameushika usibamize.
Nami nikabaki pale benchini
nikihesabu viatu vya wanaopita,
viwili, viwili, viwili.