Santuri za Lumadede

Alikuja Jumanne, viatu mkononi,
maana kutoka lami hadi kwangu ni udongo mwekundu
na mvua ya Maragoli haimwulizi mtu ametoka wapi.
Akajitaja: Wekulo, mnunuzi wa santuri, duka liko Kisumu,
ghorofani, juu ya muuza magurudumu.
Nikampa maji anawe miguu. Nikampa kigoda.
Sikumpa chai. Chai ni baada ya bei.

Ziko mia mbili na kumi na nne.
Nilizihesabu mwenyewe kabla hajafika,
mtu asije akanihesabia mali yangu nyumbani kwangu.
Mali yangu! Utazame ulimi.
Miaka arobaini niliziita takataka za Lumadede,
leo zimepata mnunuzi, zimekuwa zangu.

Alikuwa mtu wa reli, marehemu. Mshahara tarehe ishirini na nane.
Ishirini na tisa angeingia na kitu chembamba
ndani ya gazeti, amekikumbatia kifuani
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe.
"Kadenyi, sikiliza gitaa hili."
Mimi nasikiliza debe la unga. Debe nalo lina sauti yake
likibakia na vikombe viwili.

Kijana anaitoa moja kwa ncha za vidole,
anaiinamisha dirishani, anapuliza.
Hatazami jina. Anatazama mwanga unavyoteleza.
Nimeona wakaguzi wa ng'ombe, nimeona wakaguzi wa majani chai,
sijaona anayekagua weusi.
"Hii mia tatu. Hii imeliwa ganda na panya.
Hii — mama, hii ilikuwa inafunika nini?"
Mtungi, nikasema.
Akaifuta kwa shati lake mwenyewe, akanyamaza
kama aliyeletewa habari za msiba.
Kumbe hiyo ndiyo iliyomtoa Kisumu.
Miaka sita imezuia nzi wasiingie majini,
haijalalamika.

Kisha, ya mia na ngapi sijui, mkono ukasimama.
"Huu si mkwaruzo wa sindano.
Sindano huzunguka. Huu umenyooka.
Nani alikata hapa?"

Mimi.
Kwa msumari wa inchi nne, usiku,
mwaka ule karo ya Kageha ilipogeuka kuwa wimbo
naye akarudishwa kutoka langoni, sanduku kichwani.
Nilikata kuanzia ukingoni hadi kwenye karatasi ya katikati,
polepole, kama mtu anayechora mpaka wa shamba.
Kesho yake Lumadede akaicheza. Ikaruka: tk. Tk. Tk.
Hakuuliza.
Akaicheza kila Jumapili, miaka thelathini, na ile tk ndani yake,
na alipojisikia kuimba
aliiimba na hiyo.

"Basi hii nitapunguza mia mbili," kijana akasema.
Haya. Hasira yangu yote ya mwaka ule: mia mbili.
Mimi nilidhani ni ghali zaidi.

Tukapatana elfu thelathini na nane.
Mabati ya jiko, na misumari, na fundi.
Ndipo nikateleka chai.
Akazipanga ndani ya katoni za sabuni, akitia gazeti katikati,
na ile yenye mkato akaisukuma kwangu:
"Kaa nayo, mama. Ya kumbukumbu."
Nikamwambia, kijana, usinifundishe kukumbuka.
Umenunua zote. Beba zote.

Gramafoni hakuitaka.
Kuku wangu mwekundu ameshaingia humo, anajigeuza,
anatafuta upande wa kukalia.

Usiku mvua ikarudi.
Jikoni, pale bati lilipooza, ikaanza kudondokea sufuria:
tk.
Tk.
Nililala macho, sikuinuka kuisogeza.
Fundi anakuja kesho.
Nitamwambia aanzie upande ule mwingine.